SOMO LA VYOMBO VYA KAZI: Kutambua Patasi, Randa na Msumeno Mwema wa Kijapani



Wengi wetu tumezoea kupewa chombo cha kazi na tajiri: jembe, panga, spana, tupa. Kikivunjika tunaandikisha stoo na kupewa kingine, au tunakatwa mshahara. Fundi seremala mara nyingi hana stoo. Hununua vyombo vyake kwa fedha yake, na akinunua vibaya hasara ni yake, hata kama nyumba anayoijenga ni ya mtu mwingine. Somo hili basi linahusu fedha ya mfanyakazi.

Tumechagua vyombo vya mkono vya Japani kwa sababu sifa yake imeenea duniani, na penye sifa nyingi udanganyifu haukosi. Tena, historia ya vyombo hivyo inaonyesha jambo ambalo wafanyakazi wa kila nchi wanalifahamu: jina lililopigwa juu ya kitu si lazima liwe la mtu aliyekitengeneza. Hatumwambii mtu auze mbuzi akanunue patasi. Lakini anayekusudia kununua, au anayeletewa moja na ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo, yafaa ajue la kutazama.

VYUMA VIWILI KATIKA KIPANDE KIMOJA

Chukua panga la shambani. Ni chuma cha namna moja tangu mpinini hadi nchani. Kwa hiyo haliwezi kufanywa gumu mno. Likiwa gumu kote, litakatika siku litakapogonga jiwe. Mhunzi wa Japani hufuata njia nyingine. Huchukua kipande kinene cha chuma laini, na juu yake hubandika kwa moto na nyundo bamba jembamba la chuma cha pua. Vikiungana sawasawa huwa kitu kimoja. Pua ndiyo makali, na chuma laini ndicho kinachopokea mapigo. Kwa kuwa pua ina mgongo wa kuiegemea, mhunzi aweza kuifanya ngumu kupita kawaida. Kwa kipimo cha Rockwell patasi nzuri ya Kijapani mara nyingi hupita 62, ugumu ambao patasi nyingi za Ulaya hazifikii.

Jambo hili lina faida nyingine ambayo mnoaji huiona mara moja. Kwenye mteremko wa makali, sehemu kubwa inayogusa kinoo ni chuma laini, ambacho huliwa upesi. Pua ni ukanda mdogo tu. Upande wa nyuma nao mhunzi ameukwangua katikati ukawa na bonde jembamba. Anayenoa hana haja ya kusawazisha uso wote mgumu. Husawazisha kingo tu zinazozunguka bonde hilo. Kumbukeni bonde hili, maana tutalirudia wakati wa kununua.

Kazi ya kuunganisha vyuma hivyo si nyepesi. Kiwanda cha mhunzi huwa na giza kidogo kwa makusudi, kwa sababu yeye husoma moto kwa rangi. Chuma kikipoa kabla ya wakati, viungo havishiki. Kikizidi moto, pua huharibika ndani na makali yatamomonyoka hata yangenolewa vipi, wala macho ya mnunuzi hayawezi kuliona kosa hilo. Zamani mhunzi alikaa kwenye fuawe na wasaidizi wakapiga kwa nyundo kubwa. Siku hizi wengi hutumia nyundo ya mashine, na mhunzi hufanya kazi peke yake. Mwisho hupaka udongo, huchoma tena, na kuzamisha majini. Hapo kazi ya siku nyingi huweza kupasuka kwa sekunde moja.

PUA YENYEWE

Muuzaji atakutajia "karatasi nyeupe" na "karatasi ya buluu". Haya ni majina ya pua inayotoka mji wa Yasugi, katika jimbo la Shimane, kwa kampuni iliyokuwa ikiitwa Hitachi Metals na tangu 2023 inaitwa Proterial. Majina yametokana na rangi ya karatasi zinazobandikwa juu ya vipande kiwandani, basi. Nyeupe ni chuma na kaboni, na vitu vingine vichache mno. Hunoleka kwa urahisi na kupata makali mazuri sana, lakini humtaka mhunzi awe mwangalifu na moto. Ya buluu imeongezwa kromi na tungsteni. Hukaa na makali muda mrefu zaidi, na kuinoa huchukua muda zaidi.

Muuzaji atasema ya buluu ni bora kwa kuwa ni ghali zaidi. Maoni yetu ni kwamba jina la pua lina uzito mdogo kuliko mkono ulioichoma. Unga ni ule ule, wapishi mbalimbali.

JINA NI LA NANI?

Mji wa Sanjo uko katika jimbo la Niigata, mahali penye mafuriko. Katika karne ya 17 wakulima wa huko walifundishwa kufua misumari ili wapate riziki wakati shamba halina kazi. Kutoka misumari wakaingia katika mundu, visu, na vyombo vya useremala. Misumari ya waya ya mtindo wa Ulaya ilipoingia baada ya Japani kufungua milango yake, ile ya kufua kwa mkono ilikosa soko, na mafundi wakazidi kuelekea vyombo. Mji mwingine mashuhuri ni Miki, karibu na Kobe. Mnamo mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu kutembea na upanga, isipokuwa wanajeshi, polisi na maofisa katika shughuli maalumu. Baadhi ya wahunzi wa panga wakakosa kazi kwa amri hiyo moja, wakageukia patasi na randa.

Lakini kati ya mhunzi na seremala alisimama mfanya biashara wa jumla. Yeye ndiye aliyejua masoko ya mbali, na mara nyingi alama iliyopigwa juu ya chombo ilikuwa yake. Aliweza kununua kwa wahunzi kadhaa na kutia alama moja. Aliyekesha kwenye moto hakutajwa. Mtindo huu haujakwisha. Kwa hiyo mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya alama, aulize: hii ni alama ya mhunzi, au ya duka? Duka lenye alama nzuri laweza kuwa na wahunzi wazuri, hatukatai. Ila atakapobadilisha mhunzi, alama haitabadilika.

Wapo wahunzi waliopata jina lao wenyewe. Anayetajwa kuliko wote ni Chiyozuru Korehide wa Tokyo, aliyeishi tangu 1874 hadi 1957, mtu wa ukoo wa wahunzi wa panga. Wembe za randa alizozifua leo huuzwa kwa wakusanyaji kwa fedha nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo jina lake limeigwa mara nyingi. Seremala anayetafuta chombo cha kazi hana sababu ya kuingia katika soko hilo.

KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Patasi. Igeuze uone ubavu wake. Panapokutana pua na chuma laini pana mstari, kwa kuwa chuma laini kikinolewa hufifia kama kioo chenye mvuke, na pua hung'aa. Mstari huo uende bila kukatika. Ukiona ufa mweusi unaoingia ndani, viungo vimeachana, irudishe. Mstari ulionyooka kama wa rula huonyesha mara nyingi kwamba vyuma viliunganishwa kwenye kiwanda kikubwa na mhunzi akakata tu na kufua umbo. Hilo si wizi, na patasi za namna hiyo hufanya kazi vizuri. Wizi ni kuziuza kwa bei ya zile zilizounganishwa kwa mkono.

Halafu tazama lile bonde la nyuma. Kutu ya juu juu si neno, itatoka. Kutu iliyotoboa vishimo karibu na makali ni hasara, kwa maana kila utakaponoa, kishimo kitaacha pengo. Patasi mpya huja na pete ya chuma kichwani pa mpini, na wengi hawajui kwamba kazi ya kuipanga wameachiwa wao: pete ishushwe kidogo, kisha nyuzi za mti zigongwe zilale juu yake. Ukianza kupiga nyundo bila kufanya hivyo, pete itachezacheza na mpini utapasuka.

Randa. Ya Kijapani ni gogo la mwaloni lenye wembe mnene uliokazwa kwa umbo lake wenyewe, kama kabari. Huvutwa kuelekea kwa fundi, wala haisukumwi. Pua ya wembe haifiki juu kabisa. Itafute ubavuni uone imebaki kiasi gani, kwa sababu hapo unanunua miaka. Bonde la nyuma likiisha kwa kunolewa, fundi hugonga taratibu kwa nyundo ndogo juu ya chuma laini ili pua ijitokeze, kisha husawazisha upya. Nyundo ikiangukia pua yenyewe, makali hukatika. Mkiona wembe wa zamani wenye alama ndogo ndogo za nyundo kwenye mteremko, msiuogope. Ni dalili kwamba uliwahi kuwa na mwenyewe aliyejua kazi.

Msumeno. Hapa kwetu misumeno ya kawaida husukumwa. Wa Japani huvutwa, na kitu kinachovutwa hakipindi, kwa hiyo bamba laweza kuwa jembamba na njia inayokatwa kuwa nyembamba pia. Utazame kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Ukiwa na mkunjo, uache, kwani kuunyosha ni ufundi wa pekee. Siku hizi mingi ina meno yaliyogandishwa ugumu kwa umeme, na bamba hubadilishwa kama wembe wa kunyolea. Ni rahisi, na kwa kazi ya haraka hatuna neno la kuisema vibaya. Lakini tupa haiyashiki meno hayo. Yakiwa butu, utanunua tena, na tena. Msumeno wa zamani ulipelekwa kwa mnoaji wa misumeno, na huyo ilikuwa kazi yake ya maisha. Leo wamebaki wachache.

KWA NINI VILIVYO BORA HAVIPATIKANI

Mwaka 1943, wachunguzi wa mambo ya kazi walihesabu vyombo vya seremala mmoja wa Tokyo mwenye seti kamili. Walipata 179. Patasi peke yake zilikuwa 49, na randa 40. Basi mtu angedhani nchi ile imejaa vyombo vya zamani. Sivyo. Chombo kizuri kilitumiwa kila siku, kikanolewa kila siku, kikaisha. Patasi iliyoanza ndefu ikawa fupi kama kidole gumba, ikatupwa. Kilichobaki kirefu na safi ndani ya sanduku mara nyingi ndicho ambacho hakuna aliyekipenda. Halafu zikaja mashine. Makita ilianza kuuza randa ya umeme mwaka 1958, na ujenzi ukabadilika. Kampuni ya ujenzi ya Takenaka ilifungua makumbusho ya vyombo vya seremala mjini Kobe mwaka 1984, kwa kuogopa kwamba vitatoweka vyote. Sasa yana vyombo zaidi ya 30,000.

Mkusanyaji hulipia kirefu kisichotumika. Mfanyakazi afanye kinyume: patasi ya zamani iliyofupishwa nusu kwa kunolewa imekwisha kupimwa na mtu aliyeitegemea kwa chakula, na bei yake huwa ndogo. Ikiwa pua imebaki na haina vishimo, inunueni hiyo. Tena asinunue seti ya kumi ndani ya sanduku la kupendeza. Tatu zinatosha kuanzia, za upana unaotumika kila siku, na fedha iliyobaki inunue vinoo: kimoja cha namba 1000 kwa kurudisha makali, na kimoja cha 6000 au karibu yake kwa kumalizia. Kinoo chenyewe kisawazishwe mara kwa mara, maana kinoo chenye shimo huharibu chombo.

Usitumie mashine ya kusaga kavu. Pua ikigeuka rangi ya buluu kwa joto, ugumu umekwenda, na hapo hakuna kinoo kitakachourudisha. Wala usiifanye patasi mtaimbo wa kubanulia; ugumu wake ndio udhaifu wake, itakatika pembe. Baada ya kazi, ifute na kuipaka mafuta kidogo, hasa kwa wanaokaa pwani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Katika kiwanda au shamba lenu, ni vyombo gani mfanyakazi hununua kwa fedha yake, na je, mkataba unasema nini juu ya hilo?

2. Leteni mkutanoni chombo kimoja kilichonolewa mpaka kikafupika, na kimoja kipya cha namna ile ile. Mzee wa kazi aeleze angechagua kipi, na kwa nini.

3. Kitu mnachokitengeneza ninyi huuzwa kwa jina la nani?