Kuunda Kamati ya Ushauri ya Wazazi katika Elimu Maalumu

Mwalimu apangiwaye shule ya msingi katika kata kama Kimandolu, Arusha, hukuta Kamati ya Shule ipo tayari. Lakini kamati hiyo ina majengo, fedha na nidhamu ya kushughulikia. Mtoto asiyeona au asiyesikia hukumbukwa mwisho. Kwa hiyo twashauri iundwe chini yake kamati ndogo ya ushauri.

Tusianze na mkutano. Mzazi aliyemficha mtoto ndani hatasimama mbele ya majirani kumtaja. Mwalimu na amwendee nyumbani, akifuatana na mzazi mwingine mwenye mtoto wa hali hiyo. Huyo husadikiwa kuliko mwenyekiti wa mtaa. Asiingie na daftari mkononi kama karani wa kodi. Aulize kwanza mtoto aweza nini: je, huteka maji? Huwatambua watu kwa sauti?

Wajumbe saba watosha, wanne wakiwa wazazi wa watoto hao. Chuo cha Ualimu Patandi, kifundishacho walimu wa elimu maalumu, kipo Tengeru, si mbali. Mkufunzi aalikwe kujibu maswali, si kuhutubu.

Sheria ya Elimu ya 1978, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 zielezwe katika kikao cha pili. Cha kwanza kiamue mambo yawezayo kutimizwa upesi: nani atamvusha mtoto asiyeona barabara kuu ya Moshi kila asubuhi, na fundi yupi atapanua mlango wa choo.