Maumivu ya Korodani Hayangoji Kuche



Usiku wa manane mume anaamka, amejikunja kwa maumivu. Mkewe akimwuliza, anajibu, "Ni tumbo tu, litatulia." Kumbe ni korodani inayouma, naye anaona haya kusema. Haya hiyo yaweza kumpotezea kiungo.

Korodani huning'inia kwa kamba yenye mishipa ya damu. Pengine hujizungusha ghafula, na kamba hiyo ikasokoteka. Damu haifiki tena, na korodani huanza kufa. Maumivu huwa makali, kwa kawaida upande mmoja. Korodani huvimba na huenda ikapanda juu kuliko kawaida; wengi pia hutapika. Shida hii huwapata hasa wavulana wa miaka 12 hadi 18, lakini watu wazima hawakuepushwa. Basi, mwambieni na mwanenu asifiche maumivu ya namna hii.

Hapa tunahesabu saa, si siku. Mgonjwa akipasuliwa katika muda wa saa 6 tangu maumivu kuanza, mara nyingi korodani huokolewa. Kadiri anavyochelewa, ndivyo tumaini linavyopungua. Mpelekeni moja kwa moja kwenye hospitali inayofanya upasuaji. Asile wala asinywe kitu njiani, kwa kuwa huenda akapewa dawa ya usingizi. Hata maumivu yakikoma ghafula, nendeni tu, maana yaweza kurudi.

Zipo sababu nyingine. Ngiri iliyokwama, yaani uvimbe wa kinena usiorudi ndani, ukiuma na mgonjwa akitapika, nayo ni ya haraka vilevile. Matubwitubwi yaweza kuvimbisha korodani siku chache baada ya mashavu kuvimba. Maumivu yanayozidi polepole kwa siku moja au mbili, pamoja na homa au mkojo unaochoma, mara nyingi huletwa na vijidudu, na daktari ana dawa zake.

Hapo ndipo nyumba nyingi huingia ugomvi. Mke mpendwa, usikimbilie kumshtaki mumeo. Ni kweli kwamba vijidudu hivyo vyaweza kutokana na magonjwa ya zinaa, lakini vyaweza pia kutoka katika njia ya mkojo, hasa kwa wanaume wenye umri mkubwa. Ngojeni vipimo. Nawe mume, ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, usimfiche mkeo ukajitibu peke yako. Mkitibiwa mmoja tu, mtaambukizana tena.

Mwisho, uvimbe mgumu katika korodani usiouma pia uonyeshwe daktari, kwani saratani ya korodani mara nyingi huanza bila maumivu, nayo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema.

Zungumzeni juu ya jambo hili jioni ya leo, mkiwa wazima. Atakayeshikwa na maumivu usiku hatakuwa na haja ya kutafuta maneno.