Pima Kwanza, Fungua Baadaye: Mwongozo wa Ukinzani na Nguvu kwa Mafundi Umeme

Mteja akilalamika kwamba birika lake la umeme linachelewa kuchemsha, mafundi wengi hushika bisibisi papo hapo. Birika hufunguliwa, koili hubadilishwa, pesa hulipwa, na kesho yake tatizo liko palepale. Mwongozo huu unamwonyesha fundi jinsi ya kutumia vipimo viwili tu, volteji na mkondo, ili ajue kama ubovu uko kwenye kifaa au kwenye nyaya.

1. Kanuni mbili za kukumbuka

Volteji hupimwa kwa volti (V), mkondo kwa ampea (A), ukinzani kwa omu (Ω) na nguvu kwa wati (W). Jina la omu linatokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827.

Ukinzani = volteji ÷ mkondo
Nguvu = volteji × mkondo

Mita ikionyesha miliampea, gawanya kwa 1000 upate ampea kabla ya kukokotoa.

2. Anza na kibandiko cha kifaa

Tuchukue birika lenye kibandiko cha 230 V na 2000 W. Mkondo wake unapaswa kuwa 2000 ÷ 230, yaani 8.7 A. Ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, yaani takriban 26.4 Ω. Andika namba hizi kwenye daftari; ndizo utakazolinganisha na vipimo vyako.

3. Pima kwa mpangilio huu

a) Kabla ya kuwasha birika, pima volteji kwenye soketi. Tuseme umepata 228 V.

b) Weka maji, washa birika, kisha pima volteji tena kwenye tundu la pili la soketi hiyohiyo. Tuseme imeshuka hadi 200 V.

c) Birika likiwa bado linafanya kazi, pima mkondo kwa mita ya kubana. Bana waya mmoja tu. Ukibana waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, mikondo yao hufutana na mita husoma sifuri. Tuseme umepata 7.6 A.

4. Kokotoa, kisha toa hukumu

Ukinzani wa birika: 200 ÷ 7.6 = 26.3 Ω. Unakaribiana kabisa na ule wa kibandiko. Koili ni nzima, usiiguse.

Nguvu inayolifikia birika: 200 × 7.6 = 1520 W badala ya 2000 W. Hapo ndipo penye sababu ya kuchelewa.

Volti zilizopotea njiani: 228 − 200 = 28 V. Ukinzani wa njia: 28 ÷ 7.6 = takriban 3.7 Ω. Nguvu inayopotea: 28 × 7.6 = takriban 213 W.

Je, 3.7 Ω ni nyingi? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una takriban 12.1 Ω kwa kilomita. Umbali wa mita 30, kwenda na kurudi, ni mita 60 za waya, sawa na 0.73 Ω. Kwa hiyo ukinzani uliopimwa ni takriban mara tano ya ule wa njia ndefu yenye waya mwembamba. Kuna mahali penye kiungo kilicholegea au kilichoungua. Wati 213 zikikusanyika kwenye kiungo kimoja ndani ya ukuta au juu ya dari, zinaweza kuyeyusha plastiki na kuanzisha moto.

Ili ujue upande wenye ubovu, pima volteji kwenye swichi kuu birika likiwa linafanya kazi. Ikibaki karibu na 228 V, kosa liko ndani ya nyumba: zima swichi kuu, hakikisha umeme umekatika, kisha kagua viungo na soketi. Ikishuka hapo pia, toa taarifa kwa shirika la umeme. Usifungue mita ya shirika wala kugusa laini yake.

5. Mipaka ya kanuni hizi

Hesabu hizi zinafaa vifaa vya joto: birika, pasi, jiko na hita. Friji, pampu na feni zina mota. Kwa vifaa hivyo, volteji mara mkondo pekee hutoa wati nyingi kuliko zile halisi.

Balbu ya filamenti ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana kuliko ikiwa imewaka. Usiihukumu kuwa mbovu kwa kipimo cha baridi.

Ukipima ukinzani moja kwa moja kwa multimita, chomoa plagi kwanza. Kupima omu kwenye waya wenye umeme huharibu mita na huweza kukujeruhi.

6. Neno kwa fundi

Mwandikie mteja volti, ampea, omu na wati ulizopata, kabla na baada ya matengenezo. Karatasi hiyo itakulinda wewe, na itamlinda naye asilipie koili isiyo na kosa. Zaidi ya hayo, kiungo kinachoungua polepole kitagunduliwa wakati familia bado iko salama. Usibadilishe kifaa chochote kabla hujakokotoa.