Nani Alimpimia? Somo Fupi la Kuchagua Fimbo ya Kurefusha na Kufupisha

Najua ukikuta makala ya fimbo kwenye jarida la chuo unasema hii ni ya wazee, unafungua ukurasa mwingine. Hata mimi ningefanya hivyo, kabla fimbo niliyoinunua kwa bumu langu haijamwangusha bibi yangu.

Ilikuwa hivi. Nikiwa mwaka wa pili, mimi na wenzangu tulinunua fimbo za kupandia mlima kwenye banda moja la mtumba hapa mjini. Zile za vipande vitatu, unazungusha zinarefuka, unazungusha zinafupika. Tukapanda nazo vilima vya mawe, tukapiga picha, basi. Likizo ilipofika nikaenda na yangu nyumbani Mpwapwa. Goti la kulia la bibi lilikuwa limeanza kumsumbua, nikaona nimpe. Nikaifupisha kwa kukadiria kwa macho, nikamkabidhi, akanibariki.

Siku ya tatu alikuwa anashuka kizingiti cha jikoni. Akaegemea fimbo, nayo ikazama ndani yenyewe, ikafupika ghafla. Akaangukia mkono. Kwa bahati hakuvunjika. Akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, fimbo yako inasinzia."

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniuliza maswali matatu. Nani alimpimia? Anaishika mkono upi? Wewe mwenyewe uliijaribu kwa uzito wako kabla ya kumpa? Sikuwa na jibu hata moja. Somo hili ni majibu niliyoyatafuta baadaye.

Kwanza, unatafuta fimbo ipi?

Kiswahili chetu kina majina mengi kwa sababu kazi ni nyingi. Fimbo ni jina la jumla. Mchungaji wa Kigogo anatembea nayo, anaelekezea ng'ombe, anaegemea akipumzika. Bakora ni ile yenye kichwa kilichopinda. Mkongojo ni wa kuegemea mtu anapotembea. Magongo ni yale mawili ya mgonjwa asiyeweza kukanyagia mguu mmoja. Na kile kifimbo cha Mwalimu Nyerere hakikuwa cha kuegemea kabisa.

Fimbo za dukani za kurefusha na kufupisha nazo ni za makundi mawili. Kuna ya mlimani: mshikio wake umesimama wima, una mkanda wa kupitisha mkono, na chini kuna ncha ya chuma. Na kuna ya kila siku: mshikio umelala, kiganja kinakaa juu yake, na chini kuna kofia ya mpira. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa zote zinarefuka na kufupika, basi ni kitu kimoja.

Swali la kwanza: nani alimpimia?

Fimbo ya kila siku hupimwa hivi. Mtu avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining'inie. Sehemu ya juu ya mshikio ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kipinde kidogo tu, nyuzi 15 hadi 30. Ikiwa ndefu mno, bega linapanda na fimbo haibebi kitu. Ikiwa fupi mno, mtu anainama na mgongo unaanza kuuma.

Ya mlimani hupimwa tofauti. Ncha ikiwa chini karibu na mguu, kiwiko kipinde nyuzi 90 unaposimama tambarare. Ukipanda mteremko mkali, fupisha sm 5 hadi 10. Ukishuka, refusha kiasi hicho hicho. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo hapo ndipo fimbo inapolipa gharama yake.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa sm 170 anahitaji fimbo ya kila siku ya karibu sm 87, lakini ya mlimani karibu sm 115. Fimbo nyingi za kila siku huishia sm 95 hivi, kwa hiyo mlimani ni fupi. Fimbo nyingi za mlimani zenye vipande viwili huanzia sm 100, kwa hiyo nyumbani ni ndefu. Za vipande vitatu nyingi hujikunja hadi karibu sm 65 na kunyooka hadi karibu sm 135. Kama unataka fimbo moja ifanye kazi zote mbili, soma namba zilizoandikwa kwenye bomba kabla ya kuuliza bei. Kwa mtu wa kimo hicho, ishuke chini ya sm 85 na ipande juu ya sm 120, na mshikio wake uwe wa kuegemea kiganja. Za namna hiyo zipo, ila ni chache. Usipoipata, nunua ile ya kazi unayoifanya kila siku. Ya mlima unaweza kuazima, na Moshi na Arusha hata kukodisha utapata.

Swali la pili: mkono upi?

Hapa wengi tunakosea. Goti la kulia likiuma, fimbo inashikwa mkono wa kushoto. Bibi alikuwa anaishika mkono wa kulia, upande ule ule wa goti bovu, na mimi niliona sawa tu.

Sababu yake ni hii. Ukikanyagia mguu mmoja, misuli ya nyonga ya upande huo inavuta kwa nguvu ili kiuno kisidondoke upande wa pili. Fimbo ikiwa upande wa pili inasaidia kukiinua kiuno, na kwa kuwa iko mbali na nyonga, msukumo mdogo wa mkono unatosha. Ikiwa upande ule ule, mwili unalemea huko huko kwenye maumivu. Fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja, kisha mguu mzima ufuate.

Kwenye ngazi, na chuo hiki kilichotandazwa juu ya vilima hakikosi ngazi, kanuni ni fupi: mzima hupanda kwanza, mbovu hushuka kwanza. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu mbovu. Kama mguu haukanyagiki kabisa, usijitibu kwa fimbo. Nenda hospitali, pengine unahitaji magongo.

Swali la tatu: uliijaribu kwa uzito wako?

Roho ya fimbo ya namna hii ni kifungio chake. Vipo vya aina tatu.

Cha kuzungusha kinabana kwa ndani. Ni chepesi, lakini hakionekani. Vumbi likiingia au plastiki ya ndani ikisagika, fimbo inateleza bila taarifa. Dodoma mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili hivi, miezi mingine ni vumbi tu, kwa hiyo kifungio hiki kinataka kufunguliwa na kufutwa mara kwa mara. Usikipake mafuta, kwa sababu kinashika kwa msuguano. Hicho ndicho "kilichosinzia" kwa bibi.

Cha kibano cha nje unakiona kwa macho kama kimefunga. Kikilegea, kina skrubu ndogo ya kukazia. Kwa mlimani hiki ndicho ningechagua.

Cha kitufe kinachochomoza kwenye tundu hakitelezi, maana chuma kimeingia kwenye chuma. Ubaya wake ni kwamba unapata urefu wa matundu tu, huwezi kusimama katikati. Kwa mzee, ningechagua hiki bila kujiuliza mara mbili, ila uhakikishe kitufe kimetokeza chote.

Kwa aina zote, angalia alama ya mwisho wa kurefusha kwenye bomba. Ukiipita, kipande kilichobaki ndani ni kifupi na hakiwezi kubeba uzito.

Bomba na ncha

Alumini ikizidiwa hupinda, na mara nyingi bado utafika nyumbani nayo. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na ghali zaidi, lakini zikizidiwa huvunjika ghafla. Kwa bumu letu, alumini inatosha. Mpingo ni mzuri na wa heshima, ila ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama; kwa mteremko wa saa nne mkono utalalamika, na haurefuki.

Ncha ya chuma inashika udongo na changarawe, lakini kwenye sakafu ya vigae inateleza kama barafu. Bibi alikuwa na ncha tupu ya chuma ndani ya nyumba, na hilo ni kosa jingine langu. Ndani na kwenye lami weka kofia ya mpira, na ibadilishe mistari yake ya chini inapofutika. Hata ukienda Kolo kule Kondoa kuona michoro ya miambani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, vaa mpira, na usielekeze fimbo kwenye mwamba wenye michoro.

Dakika tano kabla ya kulipa

Mtumba au mpya, fanya haya. Refusha vipande vyote, funga, halafu uegemee taratibu kwa mikono miwili, kisha kwa uzito wote. Rudia mara tatu. Ikishuka hata kidogo, irudishe, hata kama muuzaji anasema ni ya Ulaya. Pitisha kidole kwenye bomba kutafuta bonde au ufa. Tikisa usikilize kama kuna kitu kinalia ndani. Tembea nayo hatua ishirini. Na kama ni ya mtu mwingine, aje mwenyewe, au uje na kipimo chake kwa futi: kutoka sakafuni, akiwa na viatu, hadi kifundo cha mkono.

Bibi sasa ana ya kitufe, mshikio umelala, chini mpira. Tuliipima pamoja barazani. Ile ya kwanza amefungia mlango wa banda la kuku, na anasema hapo inafanya kazi vizuri.

Na wewe uliyetegua kifundo cha mguu kwenye mechi, unayepanda ngazi kwa kushika ukuta kwa sababu unaona aibu kuonekana na mkongojo: wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ikiwa chini ya kitanda, haikusaidii. Ishike, mkono wa upande wa pili.