6/8 si 3/4: Jinsi Ninavyofundisha Mapigo

Wanakwaya wakianza kujifunza nota, huniuliza zile tarakimu mbili zilizopandiana mwanzoni mwa wimbo ni za nini. Ya juu inataja idadi ya mapigo katika kila baa. Ya chini inataja nota inayobeba pigo moja: 2 ni nusu, 4 ni robo, 8 ni nota ya nane. (Ukikuta herufi C, soma 4/4. Ni masalia ya nusu duara ya waandishi wa kale. Duara kamili ilikuwa ya mapigo matatu.) Kwa 2/4, 3/4 na 4/4 maelezo hayo yanatosha. Kasheshe ni 6/8.

Ukipiga hesabu, 3/4 na 6/8 ni kitu kimoja, kwa kuwa kila baa ina nota sita za nane. Hapo chaki naiweka chini, tunapiga meza. Hesabu moja mpaka sita bila kubadili mwendo, ukitia nguvu kwenye moja, tatu na tano. Hiyo ni 3/4, mwendo wa waltz. Rudia, safari hii nguvu iwe kwenye moja na nne tu. Mabega yataanza kuyumba yenyewe. Hiyo ni 6/8: mapigo mawili makubwa, kila moja limegawanyika mara tatu. Ndiyo maana naiongoza kwa mkono wa chini na juu, kama 2/4. Wimbo ukiwa wa taratibu sana ndipo nahesabu sita.

“Usiku Mtakatifu”, alioutunga Franz Xaver Gruber huko Austria mwaka 1818, una mwendo huo. Kwaya ikiukanyagia kila nota ya nane, unaburuzika mpaka waumini wanasinzia.

Anayetaka kuzisikia zote mbili pamoja, namwelekeza kwenye wimbo “America” wa Leonard Bernstein katika West Side Story ya 1957. Baa moja ni 6/8, inayofuata 3/4: MOJA mbili tatu NNE tano sita, MOJA mbili TATU nne TANO sita. Wacheza ngoma wetu hawahitaji darasa hili. Wamezoea mkono mmoja uende mbili na mwingine tatu kwa wakati uleule.

Kwa 5/4, usihesabu mpaka tano, utapotea. Vunja tatu na mbili, kama piano inavyofanya katika “Take Five” ya Paul Desmond, iliyorekodiwa na kundi la Dave Brubeck mwaka 1959. Saba nayo huvunjwa, mara nyingi mbili, mbili, tatu.

Ukiletewa wimbo usio na karatasi, tafuta kwanza pigo zito kwa mguu. Kisha sikiliza kati ya pigo na pigo: panagawanyika mara mbili au mara tatu? Mara tatu, jaribu 6/8, au 12/8 mapigo makubwa yakiwa manne.