MKASI, GUNDI NA HANNAH HÖCH

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili huenda katika shule ya msingi jirani kuwasomea watoto hadithi. Muhula uliopita nilipangiwa Gredi ya Tano. Niliamua kuacha hadithi kando, nikawafundisha kutengeneza picha bila kalamu wala rangi. Somo lenyewe ndilo hili, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe siku hiyo.

Sanaa hii huitwa fotomontaji. Maana yake ni kukata vipande vya picha zilizopigwa kwa kamera, kuvipanga upya na kuvibandika pamoja mpaka viseme jambo jipya. Kichwa cha waziri kinaweza kukaa juu ya mwili wa mcheza mpira, na gurudumu la gari likawa jicho.

Miongoni mwa walioianzisha ni mwanamke Mjerumani, Hannah Höch, aliyezaliwa mjini Gotha mwaka wa 1889. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano. Mwaka wa 1904, alipokuwa msichana wa miaka kama 15, alitolewa shuleni ili amlee mdogo wake wa mwisho. Baba yake aliona kwamba msichana ni wa kuolewa, si wa kusomea sanaa. Hannah alingoja. Mwaka wa 1912, akiwa na miaka 22, akaingia chuo cha sanaa mjini Berlin.

Kuanzia 1916 hadi 1926 alifanya kazi katika kampuni kubwa ya magazeti, akibuni mitindo ya kudarizi na kufuma kwa ajili ya wasomaji wa kike. Kwa hivyo magazeti yenye picha hayakumpungukia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kwisha mwaka wa 1918, alijiunga na kundi la wasanii lililojiita Dada, ambalo liliwacheka wakubwa waliolitia taifa vitani.

Picha yake maarufu zaidi ni ya mwaka wa 1919. Ina urefu wa sentimita 114 na upana wa 90. Jina lake ni refu kama treni, lakini ndani yake mna maneno "kisu cha jikoni". Yaani, chombo walichompa wanawake wabaki nacho jikoni, yeye akakitumia kuikata serikali! Humo yumo Kaisari Wilhelm wa Pili, yule yule ambaye serikali yake iliitawala Tanganyika. Masharubu yake ameyafanya kuwa wanamiereka wawili. Kwenye pembe ya chini kuna ramani ndogo ya nchi za Ulaya ambazo wanawake walikuwa na haki ya kupiga kura, na hapo ndipo alipobandika kichwa chake mwenyewe, kidogo mno.

Je, wenzake walimheshimu? Wapi! Katika maonyesho makubwa ya Dada mwaka wa 1920, baadhi ya wanaume wa kundi hilo hawakutaka picha zake ziwekwe. Msanii mmoja wa Dada alipoandika kumbukumbu zake baadaye, alimsifu kwa mikate, bia na kahawa alizowaandalia. Wanazi waliposhika serikali mwaka wa 1933, sanaa ya aina hii ilipigwa vita. Hannah hakukimbia. Mwaka wa 1939 alihamia nyumba ndogo pembezoni mwa Berlin, akaificha humo kazi yake na ya rafiki zake. Alifariki mwaka wa 1978, bado akiwa msanii.

Basi, ukitaka kujaribu, fuata hatua hizi:

1. Tafuta magazeti makuukuu, mkasi na karatasi ya manila. Kama huna gundi, pika unga wa ngano na maji uwe uji mzito.
2. Amua unataka kusema nini.
3. Kata vipande vingi kuliko utakavyohitaji.
4. Vipange kwanza bila gundi. Kidogo kiwe kikubwa, cha juu kiwe chini.
5. Muulize mwenzako anaona nini. Akikuelewa, bandika.

Kijana mmoja aliniuliza, "Ticha, si huo ni uongo? Kama zile picha za simu?" Swali zuri. Nilimjibu kwamba mwongo huficha mshono ili uamini. Hannah aliuacha mshono wazi ili ufikiri.

Sasa kosa langu. Msichana mmoja alikuja amembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto alikuwa analia, nami nikamwambia, "Kaa hapo nje mlangoni, usitusumbue." Kisha nikageuka nikaendelea kusimulia kwa madaha jinsi Hannah alivyotolewa shuleni kulea mtoto! Hata sikujisikia.

Yule msichana alifanya kazi yake palepale kizingitini. Aliponiletea, nilishikwa na aibu. Alikuwa amekata picha ya mama aliyebeba mtoto, akamtoa mtoto na kubandika mkoba wa shule mgongoni. Mtoto naye alimketisha kwenye dawati, kalamu mkononi. Nikamuuliza, "Maana yake?" Akasema, "Tumebadilishana, ticha. Kila mtu asome zamu yake."

Jumamosi iliyofuata alikuja tena na mtoto. Safari hii alikaa kwenye dawati la mbele, nasi wanachama tukambeba mtoto kwa zamu. Alinikojolea sare, lakini hiyo ni haki yangu.

Ndugu msomaji, sanaa hii si ya Ulaya pekee. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972, amepata sifa ulimwenguni kwa picha za kukata na kubandika. Gazeti lililofungia nyama usilitupe kabla ya kulitazama. Na ukimwona mtu ameketi mlangoni, muulize kwanza ni nani aliyemweka hapo. Mimi nilipouliza, jibu lilikuwa mimi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu