Usugu wa ARV: Asilimia 20 ya nani?

*Daktari, natumia TLD tangu 2019. Mwenzetu katika kikundi amesoma kwamba mtu mmoja kati ya watano kirusi chake kimeshazoea dawa hii. Je, niombe nirudishiwe zile za zamani? Mama wa wawili, Karatina*

Usiombe, mama. Mwenzenu hakuyatunga hayo, ila alishika tarakimu akaacha maelezo yake. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu usugu wa virusi vya UKIMWI (VVU) dhidi ya dolutegraviri, ile D ya kidonge cha TLD. Tafiti nne zilionyesha usugu wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6. Ule wa asilimia 19.6 ulikuwa wa watu waliokwisha kutumia dawa nyingine, wakahamishiwa dolutegraviri virusi vikiwa vingali vingi mwilini. Ripoti hiyohiyo inasema kwamba kati ya wanaotumia dawa hii, zaidi ya asilimia 90 virusi vyao vimedhibitiwa.

Kupima usugu ni kusoma vinasaba vya kirusi, na maabara haiwezi kuvisoma ikiwa virusi damuni ni haba. Kama vyako havionekani, huna cha kusomwa; asilimia zile za usugu ni za wale ambao vilionekana. Anayehesabu magari mabovu gereji asishangae kuyakuta mengi.

Kinachoninyima raha ni upande wa pili wa hesabu. Sampuli hutoka kliniki. Mchuma kahawa aliyetoka Othaya kwenda mashamba ya maua ya Timau bila barua ya uhamisho hayumo. Wala hayumo dada anayepanda matatu hadi Nanyuki ili jirani asimwone kwenye foleni, kisha nauli ikakosekana na vidonge vikakatika. Kirusi huzoea dawa pale kinapozaana huku dawa damuni ni kidogo. Watu hawa ndio tungepaswa kuwapima kwanza.

Dawa za zamani zina historia mbaya zaidi. Ripoti ya WHO ya 2021 ilionyesha kwamba katika nchi 21 kati ya 30 zilizochunguzwa, zaidi ya asilimia 10 ya watu wanaoanza matibabu walikuwa na kirusi sugu kwa nevirapini au efavirenzi. Ukirudi huko utakuwa umeacha dawa yenye nguvu kwa sababu ya uvumi.

Ukienda CCC, kliniki ya wanaoishi na VVU, uliza idadi ya virusi vyako ilikuwa ngapi na ilipimwa lini. Kwa mwongozo wa Kenya wa 2022, mtu mzima aliye chini ya 200 kwa mililita kwa kawaida hupimwa mara moja kwa mwaka. Wa 200 na zaidi husaidiwa kumeza dawa ipasavyo, kisha hupimwa tena baada ya miezi 3. Kipimo cha usugu huja baadaye, virusi vikikataa kushuka.

Na kama unameza vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia yenye magnesiamu, mwambie mhudumu. Madini hayo huishika dolutegraviri tumboni, ikafika damuni kidogo. Meza TLD angalau saa mbili kabla yake, au saa sita baadaye.